Chukua Udongo Wako

Talaka yangu nilisomewa na mama mdogo. Nilikuwa nimekwenda kwetu kumsaidia, tuko korongoni, nyuma ya kijiji cha Mkange, tunachimba udongo kabla masika hayajafunga njia, na mikono yangu ilikuwa imejaa matope mpaka kwenye viwiko. Simu ikalia ndani ya mkoba niliouweka juu ya kisiki. Nikamwambia, "Mama mdogo, hebu niangalizie, pengine ni mteja." Akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza, akaanza kusoma kwa sauti, silabi moja moja, kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika mguu na alilazimika kuishikilia.

"Ni-me-ku-a-cha. Ta-la-ka ta-tu. U-si..."

"Malizia."

"Usirudi," akasema. "Imeishia hapo."

Sikuacha kuchimba. Watu hushangaa ninapofika hapa katika kusimulia, lakini udongo ukishaufungua huwezi kuuacha wazi juani. Unakauka juu, unapasuka, na kazi yote ya kuondoa majani na mizizi inakuwa bure. Nikajaza ndoo yangu, nikajaza na ya mama mdogo, ambaye alikuwa amekaa chini na simu mkononi kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Niliposimama kunyoosha mgongo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimeuma mdomo wa ndani, na kinywa chote kilikuwa na ladha ya damu.

Lile korongo nililijua tangu utotoni. Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyeniingiza mle. Wanaume hawakuruhusiwa kushuka. Konzi ya kwanza ya udongo ilirudishwa shimoni. Na lililokuwa kubwa kuliko yote, hakuna aliyeruhusiwa kushuka na ugomvi. Bibi alisema chuki hupita kwenye vidole ikaingia ndani ya chungu, na chungu hicho kikifika motoni hupasuka. Mara nyingi niliona wanawake wawili walionuniana wakisimama juu ya ukingo, wakalazimishwa kupeana mikono, ndipo wakashuka na majembe yao. Siku ile nilikuwa nimeshashuka tayari. Habari ilinifuata chini.

Niliolewa upande wa pili kabisa, kijiji kilicho karibu na Kaole, kati ya minazi na mikoko. Mume wangu wakati ule alikuwa fundi wa kuezeka, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, na mimi nilimpenda kwa hayo maneno. Nilipofika kwao niliuliza udongo wa kufinyangia unapatikana wapi. Wakacheka. Wakaniambia hapa kuna mchanga na chumvi, vyungu tunanunua.

Nikautafuta mwenyewe. Karibu na mikoko niliona udongo wa kijivu, laini, unaonyooka kidoleni bila kukatika, nikafurahi kama niliyeokota dhahabu. Nikafinyanga, nikaanika, nikachoma kwa makumbi ya nazi, na vyungu vikatoka vizuri sana. Nikavipanga barazani watu wavione. Baada ya siku chache vikaanza kutoka vipele vyeupe, kisha vikabanduka vipande, tik, tik, peke yake, hakuna aliyevigusa. Ule udongo ulikuwa na vipande vidogo vya makombe ya baharini ndani yake. Kombe likichomwa linageuka chokaa, na chokaa ikinyonya unyevu inavimba na kupasua chungu kutoka ndani. Bwana yangu alikaa barazani akisikiliza vyungu vyangu vikijivunja, akacheka mpaka akatoa machozi. Nikacheka naye. Nilikuwa bado bibi harusi.

Ikabidi niende bara zaidi. Nilifuata vijito kwa miguu, kila mahali nachukua udongo kidogo naweka kwenye ulimi, nikionja chumvi natema naendelea. Mwishowe nikaupata, chini ya shamba la mikorosho la mama mmoja mjane, kwenye ukingo wa kijito kinachokauka kiangazi. Udongo wa rangi ya kutu, wenye harufu kama ya mvua ya kwanza. Yule mama alinikubalia nichimbe, na kila nilipochoma nilimpelekea chungu kimoja. Lakini udongo huo haukuwa kama wa kwetu. Wa Mkange ni mpole, ukiukanda leo kesho unafinyanga. Huu ulikuwa unakauka haraka mno, unataka mchanga kidogo, unataka kufunikwa kwa majani ya migomba, ukiuharakisha unakukatikia mikononi. Tuligombana nao muda mrefu. Nilipokuja kuelewana nao nilikuwa nimeshajua kila njia ya pale, kila mkorosho, kila mahali maji yanapojificha. Kuolewa hakukunifanya mtu wa pale. Nilikuwa mtu wa pale tangu siku chungu changu cha udongo ule kilipochemsha maharage bila kuvuja.

Nyumba tuliijenga wenyewe. Yeye alikata miti, akasimamisha nguzo, akafunga fito, akaezeka bati. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na aliifanya vizuri, simnyimi haki yake. Kuta zilikuwa zangu. Kiangazi kizima nilibeba udongo kichwani kutoka kijitoni. Wanawake wa jirani walinisaidia kukandika mkono wa kwanza, kisha nikasiliba udongo laini juu yake peke yangu, ndani na nje, nikasugua kila ukuta kwa kokoto kama ninavyosugua mtungi, mpaka ukang'aa. Chini nilizungusha mstari wa udongo mweusi. Hatukujaaliwa mtoto. Sisemi nyumba ilikuwa mtoto wangu, ila niliipapasa kila asubuhi kutazama kama imepata ufa.

Kisha viwanja vikaanza kupanda bei, na mume wangu akaacha kuezeka akawa dalali. Viatu vyake vikachongoka mbele. Simu haikutoka sikioni. Alileta watu kutoka Dar kuangalia viwanja, na kabla ya viwanja aliwapitisha nyumbani, kwa sababu walipenda zile kuta. Waliipiga picha nyumba, wakaingia ndani wakisema, jamani huku kuna ubaridi. Yeye alisimama katikati, mikono kiunoni, akisema, "Nyumba yangu hii." Mimi nilikuwa jikoni nachuja chai yao, na nilijisikia fahari. Mmoja wa hao waliokuja kuangalia kiwanja alikuwa mwanamke kijana, mcheshi, mwenye sauti nzuri. Alikuja mara ya pili. Mara ya tatu hakuuliza tena habari za kiwanja.

Basi baada ya ule ujumbe nilikaa Mkange mpaka miguu ikakubali kusafiri, nikapanda basi mpaka Bagamoyo, nikachukua bodaboda. Nilifika asubuhi wakati wanawake wamepanga foleni ya maji bombani, ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wangu. Vyungu vyangu vyote vilikuwa vimetupwa uani. Mtungi wangu mkubwa, niliokuwa nautunza chumbani, ulikuwa umevunjwa mdomo, na kuku walikuwa wanakunywa maji ndani yake. Mlangoni alisimama yule mwanamke, amevaa dera, ameegemea ukuta wangu kwa bega.

Mume wangu akatoka. Hakunisalimu.

"Si nimekwambia usirudi?"

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Vitu gani? Wewe hapa una kitu gani? Kiwanja changu. Bati langu. Kitanda nimenunua mimi."

"Na mimi sikuleta kitu?"

Akatazama kule bombani, akaona foleni yote imegeuka kutusikiliza. Alikuwa mtu wa kupenda watazamaji. Akapaza sauti.

"Ulileta udongo! Si ndiyo kazi yako? Basi chukua udongo wako uende!" Ikamfurahisha mwenyewe, akacheka, akarudia kwa kelele zaidi. "Mnasikia jamani? Nimempa ruhusa. Achukue udongo wake wote, asiniachie hata chembe!"

Wanawake wawili watatu walicheka kwa aibu. Yule wa mlangoni akacheka kabisa. Nikaokota vyungu viwili vilivyokuwa vizima, nikaviweka mapajani, nikapanda tena ile ile bodaboda iliyonileta. Tulipokuwa tunapita kwenye minazi yale maneno yakaanza kujigeuza kichwani mwangu, upande huu, upande ule, mpaka yakakaa vizuri. Nikaanza kucheka. Dereva akapunguza mwendo, akadhani nalia, akasema, "Pole mama, Mungu yupo." Nikamwambia, "Yupo, mwanangu, na amesikia."

Eda nilikaa mjini Bagamoyo, kwenye chumba cha binamu yangu. Wengi walinihurumia kwa ukimya wangu. Mimi nilikuwa nimetulia kama udongo unavyotulia kwenye pipa la maji: juu kweupe, chini kunajikusanya. Kila siku niliijenga upya ile nyumba kichwani, ukuta hadi ukuta, nikikumbuka wapi niliweka udongo mnene na wapi mwembamba. Nilijua ni upande gani ungeanza kubanduka.

Eda ilipokwisha nikaenda kwa shehe wa kijiji kile. Nilifuatana na wanawake wawili wa pale bombani, ambao hawakuhitaji kubembelezwa. Shehe alikuwa barazani kwake, shavu limevimba, ana karafuu kwenye jino.

"Shikamoo shehe."

"Marahaba. Sema kwa ufupi, jino linaniua."

Nikasema kwa ufupi. Akamwita mume wangu, naye akaja na pikipiki, amempakia mkewe mpya. Mkewe akabaki chini, amesimama karibu na pikipiki, lakini sikio lake lilikuwa barazani pamoja nasi.

Shehe akamuuliza kama kweli alisema nichukue udongo wangu wote.

"Shehe, yale yalikuwa maneno ya hasira. Mtu akikasirika husema lolote."

Shehe akaihamisha karafuu kwa ulimi. "Na talaka uliandika ukiwa na furaha?"

Mume wangu akachezea funguo za pikipiki.

"Nakuuliza. Kama maneno ya hasira hayahesabiwi, basi tuyafute yote mawili, la udongo na la talaka. Huyu bado mkeo. Leo leo anarudi kwenye nyumba, na utampa zamu yake kama mwenzake. Kama yanahesabiwa, yanahesabiwa yote. Chagua upesi."

Nilimwona akigeuza shingo kumtazama yule aliyekuwa chini. Yule mwanamke hakuinua uso. Alikuwa anachora ardhini kwa ncha ya ndala. Na mimi, nasema ukweli, niliogopa asije akanichagua mimi. Nilikuwa nimeshavuka huko.

"Talaka ipo," akasema.

"Basi na udongo upo."

"Lakini shehe, udongo wenyewe ni ukuta!"

"Ulisema wote, asikuachie hata chembe. Watu walisikia?"

"Tulisikia," wakasema wale wanawake kwa pamoja, kwa haraka mno.

Shehe akanigeukia, akaninyooshea kidole. "Miti si yako. Bati si lako. Mlango si wako. Ukigusa ufito mmoja tutaonana."

"Sitagusa, shehe."

"Nendeni. Jino."

Tulikwenda katikati ya kiangazi, jua likiwa limekwisha kupanda, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aseme nilikuja kwa kujificha. Mama mdogo alikuja kutoka Mkange na wanawake wa kwetu, wamejaa nyuma ya kirikuu, kigari cha mizigo, miguu inaning'inia, wana ndoo, majembe na vile vijiti vyao vya kuchongea. Walikuwa wanaimba tangu barabara kuu. Foleni ya bombani ikavunjika bila mtu kuivunja. Ndoo zikabaki zimejipanga peke yake, wenyewe wakaja kusimama kwenye kivuli cha nyumba ya jirani.

Mume wangu alikuwa ndani. Alijua tunakuja. Nadhani aliamua kwamba akikaa kimya kama mwenye nyumba tutaona haya. Alikuwa amekaa kwenye kochi, runinga imefunguliwa kwa sauti ya juu, rimoti mkononi.

Tukaanza na ukuta wa mbele. Ukuta wa udongo huwezi kuupiga jembe kavu, utavunja fito. Unaurushia maji, unasubiri unywe, kisha unaingiza kijiti pembeni na kuvuta. Sehemu niliyosiliba mimi ilitoka mapande makubwa, kama ganda linavyotoka kwenye muhogo uliochemshwa. Ndani yake kulikuwa na yale madonge ya kukandikia, na nilipoyatoa niliona alama za viganja vyangu, vidole vinne na dole gumba, jinsi nilivyoyasukuma kati ya fito wakati ule. Niliweka mkono wangu juu ya alama moja. Ulienea sawasawa. Nikalitia donge kwenye ndoo.

Ukuta wa mbele ulipokwisha, barabara nzima ilimwona. Alikuwa amekaa vilevile, anatazama mpira, nyuma ya fito, kama kuku ndani ya tenga. Bodaboda zikaanza kusimama. Mwanamke mmoja wa pale bombani akapaza sauti, kwa adabu zote:

"Habari za asubuhi, shemeji! Nani anaongoza?"

Akahamia upande wa pili wa kochi. Tukaingia ukuta wa ubavuni. Akarudi. Mkewe alikuwa anatoka na kuingia, anabeba nguo kupeleka kwa jirani, kisha akaanza kutundika kanga kwenye fito, moja baada ya nyingine, na upepo ukawa unazipeperusha. Hapo mama mdogo alitaka kumsaidia kufunga, nikamkataza.

Mwishowe mume wangu akatoka, akasimama mbele yangu. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi.

"Umenidhalilisha."

"Bado ukuta wa nyuma," nikamwambia, nikapita.

Nilisikia raha. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kulipiza kisasi kunakuacha mtupu, na mimi nawashangaa. Mimi kuliniacha nimeshiba. Kila ndoo iliyoondoka kwenda kwenye kirikuu ilipunguza kitu kifuani mwangu, nikawa napumua mpaka chini. Tulipomaliza nilichukua fagio nikafagia kizingitini, nikafagia chini ya kochi, nikakusanya vumbi la mwisho nikalitia kwenye kanga. Alisema nisimwachie hata chembe. Nikaondoka. Nguzo zake zote zilikuwa zimesimama, bati lake liko juu, mlango wake umefungwa kwa kufuli, na pande zote mbili za mlango hakuna kitu.

Udongo ule tuliumwaga kwenye kiwanja cha binamu, nje kidogo ya mji. Nikachimba shimo, nikauloweka. Ilichukua muda kurudi kuwa udongo. Niliuchuja kwa mikono, nikatoa majani, vipande vya mkaa, kifungo cha shati, jino la kitana. Kwa vyungu vidogo haukufaa tena, ulikuwa na mchanga mwingi, lakini kwa majiko hakuna udongo ulio bora kuliko ule, ulishazoea kusimama. Nikafinyanga majiko. Nilifinyanga kwa hasira tupu, siku nzima, sisalimiani na mtu, na kila jiko nililolipiga kofi kulilainisha nilijua napiga shavu la nani.

Siku ya kuchoma mama mdogo alikuwa na wasiwasi. Alikumbuka maneno ya bibi. "Yatapasuka yote, mwanangu. Umeyafinyanga na moyo mbaya." Nikayapanga juu ya kuni, nikayafunika kwa makuti na makumbi, nikawasha. Tulikaa tukitega masikio, maana jiko likipasuka motoni hulia kama bunduki. Moto ukapanda, ukashuka, ukawa majivu. Hakuna lililolia. Tulipoyafukua yalikuwa mekundu, yote mazima, na mama mdogo akayagonga moja moja kwa kidole kusikia mlio wake, akatikisa kichwa. "Bibi yako alitudanganya," akasema. Sidhani kama alitudanganya. Nadhani alitaka tu wanawake wasipigane shimoni wakiwa na majembe.

Sokoni nilipoulizwa udongo huu wa wapi, nilijibu ukweli: "Ni ukuta wa mume wangu." Mwanzo walidhani natania. Kisha habari ikafika kutoka Kaole kwa waliokuwepo, kila mmoja ameiongezea chumvi yake, na wanawake wakaanza kuja kuuliza jiko la talaka. Ndivyo walivyoliita. "Nipe jiko la talaka, nataka bwana yangu aone nimenunua." Nilisikia kwamba kuna wanaume waliokataa kula ubwabwa uliopikwa juu yake. Nilisikia pia kwamba kuna mmoja aliyeacha kurudi alfajiri. Sijui. Majiko yaliisha yote, na waliochelewa walihuzunika, maana ukuta ulikuwa ni ule tu.

Yeye alijaribu kukandika upya. Hakuwahi kujua nilikuwa nachimba wapi, kwa sababu hakuwahi kunifuata hata mara moja, wala kunitua mzigo kichwani. Akachukua ule wa karibu, wa mikoko. Ulijaa chumvi, ukuta ukawa unatoka jasho usiku, mchana unamwagika unga. Akatuma mtu abahatishe mashambani, akafika mpaka kwa yule mama wa mikorosho, na yule mama akamjibu kwamba udongo wake umeshaposwa. Kisha simu yangu ikapata ujumbe kutoka namba ninayoijua: "Nisamehe kwa yote. Niambie tu ulikuwa unachimba wapi." Niliusoma mwenyewe safari hii, mikono mikavu. Sikujibu. Sikuufuta pia. Masika yalipoingia mvua ilipita ndani ya nyumba ile kama inavyopita kwenye mnazi, na wateja wa viwanja wakaanza kusita kununua ardhi kwa mtu ambaye nyumba yake mwenyewe unaiona ndani ukiwa barabarani.

Ningependa kusema aliishia pabaya. Hakuishia pabaya sana. Watu wa aina yake huinuka.

Mwaka jana nilikuwa sokoni Bagamoyo, nimepanga mitungi yangu nyuma yangu, udongo mpya kutoka kwa yule mama wa mikorosho. Nikaona kivuli kimesimama mbele yangu, nikainua uso. Alikuwa yeye, yule mke mdogo. Amenenepa kidogo, amebeba mwavuli.

"Shikamoo dada."

Sikuitikia. Pwani kwetu kuiacha shikamoo hewani si jambo dogo, na wa meza za jirani waligeuka. Muuza samaki wa kukaanga aliacha kugeuza samaki wake.

"Siku nyingi natamani nikuone," akaendelea, kama hakuona kitu. "Nikushukuru. Bila wewe ningekuwa bado kwenye nyumba ya udongo. Baada ya yale ilibidi ajenge. Sasa tuna matofali, dada, vigae chini, madirisha ya kioo. Alikuwa hataki kabisa kujenga, alikuwa anasema ile inatosha."

Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anashukuru kweli. Kiangazi kizima cha kubeba kichwani, na siku nzima ya kubandua, na aliyefaidi ni huyu. Nilihisi ile damu ya mdomoni, ya siku ya korongoni, imenirudia upya.

"Ila joto," akasema, akapepea uso kwa kiganja. "Mchana hapakaliki. Ukiingia saa saba unatoka umeiva. Maji ya kunywa yenyewe yanakuwa kama ya kuoga. Nimekuja kununua mtungi, yapoe kidogo."

"Hakuna," nikasema.

Akatazama nyuma yangu. Mitungi ilikuwa imesimama safu nzima, mikubwa na midogo, inang'aa.

"Na hiyo?"

"Imeshanunuliwa."

"Yote?"

"Yote."

Akasimama kidogo, jasho linamtiririka shingoni, anangoja nicheke au nibadilishe neno. Nikamtazama mpaka akafungua mwavuli. "Haya dada, siku njema," akasema, akaondoka taratibu kuelekea kwenye bajaji.

Muuza samaki akasubiri afike mbali. "Nani kanunua mitungi yote hiyo, na mimi nipo hapa tangu asubuhi?"

"Mimi," nikamjibu.

Kwa kuwa soko zima lilikuwa limenisikia, siku ile sikuweza kuuza hata mmoja. Walikuja wateja wazuri, nikawarudisha. Alasiri nikaita bajaji, nikaipakia mitungi mmoja mmoja, nimeitenga kwa makuti isigongane, nikajibana katikati yake, na njia nzima mpaka nyumbani nilikuwa naimba.